Likasi: bei ya mazutu inapangwa Kinshasa, lakini hasara yake inapangwa ku garaji

Kila asubui, mbele jua itoke, pikapu za mazutu zinaondoka Kikula, Panda na katikati ya muji wa Likasi. Zingine zinakamata njia ya Lubumbashi, zingine njia ya Fungurume na Kolwezi, zingine zinaingia kwenye barabara ya kuenda Kambove ao upande wa Mitwaba. Jioni zinarudia na unga, makala, mboga na samaki ya Kapolowe. Hizo pikapu njo zinalisha masoko ya muji. Kama mazutu inapanda bei, gunia ya makala inapanda, na mama mwenye kuuzisha mboga analipa zaidi juu ya bitunga byake. Mwisho wa mwisho, ni mutu mwenye kununua ndiye analipa yote.

Njo maana wakaaji wakizungumuza juu ya mazutu, wanazungumuza bei. Ni haki yao. Lakini kuna hesabu ya pili ambayo haizungumuzwe sana: ni litre ngapi motokari inakula bure, bila kubeba muzigo wowote wala kusogea hata kilometa moja zaidi? Bei inatoka mbali na mukaaji wa Likasi hawezi kuibadilisha. Lakini litre zenye kupotea, sehemu kubwa zinapotelea hapa hapa: kwenye filtre yenye kujaa vumbi, kwenye mipira yenye kukosa hewa, na zaidi kwenye mapatano kati ya mwenye motokari na shofere wake. Mambo haya mawili yanapashwa kuangaliwa pamoja.

Bei inatoka wapi

Katika inchi yetu, bei ya mafuta kwenye stasio haipangwi na mwenye stasio. Ni Wizara ya Uchumi wa Taifa, kule Kinshasa, njo inatosha hesabu na kuweka bei kwa eneo ine: Magaribi, Mashariki, Kaskazini na Kusini. Likasi iko katika eneo ya Kusini. Ndani ya bei ya litre moja mutu anakuta bei ya kununua mafuta kwenye soko la dunia, usafirishaji, faida ya makampuni, ushuru wa forodha na taksi mbalimbali. Wakati bei ya dunia inapanda na serkali inakataa kupandisha bei ya stasio, makampuni yanasema yamepoteza, na serkali inabaki na deni ya kuyalipa. Vile njo ilikuwa mwaka 2022, wakati vita ya Ukraine ilipandisha bei ya mafuta ghafula katika dunia nzima.

Kwa Katanga kuna tena shida ya umbali. Mafuta yetu haitoki Matadi. Inapitia kusini: inashuka kwenye bandari za bahari, inavuka Zambia na kuingia kwa njia ya Kasumbalesa. Kutoka Dar es Salaam mpaka Ndola, upande wa Zambia, kuna bomba la TAZAMA lenye urefu wa kilometa 1 710. Bomba hilo lilianza kazi mwaka 1968 kwa kupitisha mafuta mabichi, na tangu 2023 linapitisha mazutu. Lakini kutoka Zambia mpaka kwetu, kazi inabaki kwa malori. Mupaka ukifungwa, hofu inaingia mara moja. Katika mwezi wa 8 wa mwaka 2024, Zambia ilifunga mupaka wa Kasumbalesa kwa muda wa siku kidogo, juu ya ubishi wa biashara uliotokea kisha Congo kukataza kuingiza bière na limonade. Siku hizo kidogo zilitosha kuonyesha namna Haut-Katanga yote inaishi kwa barabara moja.

Katika bei ya litre kuna tena sehemu ya FONER, Mfuko wa Taifa wa Kutengeneza Barabara, uliowekwa na sheria ya mwaka 2008. Ni kusema, mutu anayenunua mazutu amekwisha kulipa barabara. Kisha anafika kwenye peyaji ya njia ya Lubumbashi–Likasi–Kolwezi na analipa tena. Na kama barabara aliyolipia mara mbili iko na mashimo, anafunga freni, anashusha vitesi, anaanza kukanyaga tena, na motokari inakunywa litre zaidi. Hapo ni kama kulipa mara ya tatu.

Hesabu ya safari moja

Tukamate mufano wa pikapu ya mazutu ambayo inafanya Likasi–Lubumbashi, kwenda na kurudi. Ni karibu kilometa 240. Pikapu yenye kutunzwa vizuri, yenye kukunywa litre 10 kwa kilometa 100, itamaliza litre 24. Pikapu ya namna moja, muzigo mumoja, lakini yenye kuchoka na kukunywa litre 13 kwa kilometa 100, itamaliza litre 31,2. Tofauti ni litre 7,2 kwa safari moja.

Kama inafanya safari tatu kwa juma, ni litre 21,6 zenye kupotea. Kwa mwaka wa majuma 50 ya kazi, ni litre 1 080. Kwa kupima uzito wa hesabu hiyo: litre 1 080 zingetosha safari 45 zingine za kwenda Lubumbashi na kurudi. Kila mutu achukue bei ya stasio ya leo na kuzidisha mwenyewe.

Tofauti ya litre tatu haitoki kwenye shida moja. Inatoka kwenye shida kidogo kidogo zenye kujumlika: filtre hapa, mipira pale, freni yenye kukamata, anjektere yenye kuvuja, muguu muzito wa shofere. Njo maana watu hawaioni. Motokari haisimami njiani, inaendelea tu kutembea. Inakula polepole.

Nani analipa vidanji, nani analipa mazutu

Kama hasara ni kubwa vile, juu ya nini watu hawatengenezi? Jibu la haraka ni kusema watu hawana feza. Ni kweli, lakini si jibu lote. Sehemu kubwa ya shida iko katika namna kazi yenyewe inapangwa.

Pikapu nyingi za Likasi hazitembezwi na mwenyewe. Zinatembezwi na shofere ambaye anapashwa kuleta versema: kiasi cha feza chenye kupatanwa, kila siku ao kila juma. Mara mingi, shofere njo ananunua mazutu, mwenye motokari njo analipa vipuri na matengenezo. Tuangalie vizuri matokeo yake. Shofere anaumia kama motokari inakunywa sana, juu mazutu inatoka katika mufuko wake. Lakini hawezi kuamua kununua filtre, juu motokari si yake, na hajui kama mwezi ujao bado atakuwa anaiendesha. Mwenye motokari anaweza kuamua, lakini kwake hakuna haraka: versema inafika, awe alinunua filtre ao hakununua. Mutu mwenye uchungu hana uwezo, na mwenye uwezo hasikii uchungu. Katikati yao, motere inakufa.

Kwa motokari za makampuni, za mashirika na za ofisi za serkali, mambo ni kinyume lakini mwisho ni mumoja. Kule mazutu inatoka kwa patroni. Shofere hapati kitu kama anaichunga. Anaacha motere inawaka saa nzima juu ya klimatizeri, na wakati mwingine bidoni kidogo inatoka ku tanki kwenda kwa Kadhafi wa njiani. Hakuna mutu anaandika kilometa na litre, kwa hiyo hakuna mutu anaweza kuona kama mazutu ilipotelea kwenye motere ao kwenye mufuko wa mutu.

Dawa ya kwanza kwa hiyo haiko ya mekanisie. Ni mapatano. Mwenye motokari na shofere wanaweza kukaa chini na kuandika: vidanji inafanywa kwa kilometa ngapi, nani ananunua filtre, na kama motokari ikipunguza kunywa, faida inagawanywa namna gani. Mufano: mwenye motokari ananunua filtre na mafuta ya motere kwa wakati, shofere anaongeza kidogo kwenye versema kwa sababu anabakiza litre. Wote wawili wanakula. Ni jambo dogo, lakini bila ile, mashauri yote ya mekanisie yanaanguka chini.

Kupima mbele ya kutengeneza

Mutu hawezi kujua kama motokari inakula bure kama hajapima. Namna ya kupima haiombi mashini. Unajaza tanki mpaka kwenye shingo, unaandika kilometa. Unatembea kazi yako ya kawaida. Kisha unajaza tena mpaka shingoni, kwenye stasio ile ile, na unaandika litre zenye kuingia. Unagawanya litre kwa kilometa, unazidisha mara 100. Ufanye hivi mara tatu ine na utafute katikati, juu safari moja inaweza kudanganya.

Motokari nyingi ziko na kontere ya kilometa yenye kufa. Hapo tumia umbali wenye kujulikana: Likasi–Lubumbashi ni karibu kilometa 120. Jambo la lazima ni kupima njia moja na muzigo wa namna moja, kisha kulinganisha mwezi kwa mwezi. Kama mwezi wa 6 ulikuwa litre 11 na mwezi wa 9 ni litre 12,5, kuna kitu kimebadilika ndani ya motokari, ao kuna mazutu yenye kutoka kwa njia nyingine.

Vumbi, urefu wa muji na baridi ya asubui

Likasi iko na mambo yake ambayo kitabu cha motokari hakisemi wazi. Jambo la kwanza ni vumbi. Kutoka mwezi wa 5 mpaka wa 9 karibu hakuna mvua, malori ya migodi yanapita bila kusimama, na kila barabara isiyo na lami inakuwa wingu. Motere ya mazutu inavuta hewa mingi sana. Filtre ya hewa ikijaa, hewa inapunguka, mazutu haiwaki yote, na moshi mweusi unatoka. Moshi mweusi ni mazutu iliyolipiwa na haikufanya kazi. Tena si ya kuchekesha kwa afya: mwaka 2012 shirika la dunia la utafiti wa kansa, ambalo ni la OMS, lilitangaza kwamba moshi wa mazutu unaleta kansa.

Katika kiangazi filtre ya hewa inapashwa kuangaliwa kila juma kwa motokari zenye kwenda kwenye vumbi. Kuipuliza kunafaa, lakini hewa ipite kutoka ndani kwenda inje, na kwa nguvu kidogo. Pompa ya kwado yenye kupuliza kwa nguvu zote inatoboa karatasi, na vumbi inapita mpaka kwenye pistoni. Kutembea bila filtre, kama wengine wanavyofanya wakisema motokari inapata nguvu, ni kula motere: segmenti zinaisha, kompresio inashuka, mazutu inapanda, na mafuta ya motere inaanza kuwaka na moshi wa bluu.

Jambo la pili ni urefu. Likasi iko karibu metre 1 300 juu ya bahari. Kwa urefu huo hewa ni nyepesi, imepunguka karibu 12 kwa mia kuliko kwenye bandari. Motere yenye turbo inasaidika, juu turbo inasukuma hewa ndani. Lakini motere bila turbo, kama ile 1HZ ya Land Cruiser inayojulikana sana katika migodi na mashirika, inaweza kupokea mazutu mingi kuliko hewa yake kama pompa ilipangwa kwa inchi ya chini. Pompa zingine ziko na kifaa cha kupunguza mazutu kwa urefu, zingine hazina. Mara mingi, mekanisie anafungua parafujo ya pompa na kuongeza mazutu ili shofere asikie nguvu. Nguvu kidogo inakuja, moshi mwingi unakuja, na tanki inaisha mbele ya wakati.

Jambo la tatu ni kalorstat, kifaa kidogo chenye kufungia maji ya radiatere mpaka motere ipate moto. Katika garaji mingi kinatoshwa na kutupwa, kwa kusema inchi yetu ni ya moto. Lakini mwezi wa 6 na wa 7 asubui ya Likasi ni ya baridi kabisa, na motere bila kalorstat inatembea kilometa mingi bila kufika moto wake. Motere baridi inakunywa zaidi na inachakaa haraka. Kama motokari inapanda moto kupita kiasi, shida iko kwenye radiatere yenye kuziba, kwenye pompa ya maji, kwenye mukanda ao kwenye ventilateri. Kutosha kalorstat ni kuficha ugonjwa.

Mipira, freni na muzigo

Kuna mambo ambayo hayaombi kufungua motere. Mipira yenye hewa kidogo inafanya motokari kuwa nzito. Bei ya kujaza hewa kwa kwado ni ndogo kuliko litre moja ya mazutu. Kiasi cha hewa kinachofaa kinaandikwa kwenye kibao cha mulango wa shofere, na kuna namba mbili: ya kutembea tupu na ya kubeba muzigo. Hewa inapimwa asubui wakati mipira ni baridi.

Freni yenye kukamata inakula mazutu kila metre. Kuijua ni rahisi: kisha kutembea kilometa kumi bila kufunga freni sana, weka mukono karibu na kila gurudumu. Kama moja ni ya moto kuliko zingine, iko inakamata. Mipira yenye kuisha upande mumoja inaonyesha kwamba paralelisme imepotea.

Juu ya muzigo, kila mutu anajua pikapu ya tonne moja yenye kubeba mbili. Wasafirishaji wanasema safari moja yenye kujaa ni faida kuliko safari mbili. Kwa mazutu peke yake, hesabu hiyo inaweza kuonekana ya kweli siku ile. Lakini ukiongeza mipira, resori, ambreyaji na freni zenye kufa, faida inaisha ndani ya mwezi. Na vitu visivyo muzigo wa kazi, kama vile vyuma vya zamani, mipira mibovu na mawe ya kufunga magurudumu, vinabebwa bure mwaka muzima. Kila kilo 45 za bure zinaongeza karibu 1 kwa mia kwenye mazutu ya motokari ndogo.

Mazutu yenyewe

Hata motokari yenye kutunzwa inaweza kuuawa na mazutu mubaya. Kuna shida tatu. Ya kwanza ni maji. Katika majira ya mvua, bidoni za njiani na tanki za chini zinaingiza maji. Kwenye pikapu mingi, chini ya filtre ya mazutu kuna kikombe cha kukamata maji, na parafujo ya kuyamwanga. Kazi ya dakika tano. Taa yake ikiwaka kwenye tablo, si ya kuzoea. Ni ya kusimama na kumwanga.

Ya pili ni kuchanganya na petrole ya taa. Petrole ni nyepesi, haipakazi pompa kama mazutu. Motokari inatembea, lakini pompa na anjektere vinasaguana chuma kwa chuma. Mutu aliyeokoa feza kidogo kwenye bidoni anaipoteza mara mingi kwenye pompa.

Ya tatu haionekani kwa macho: ni kibiriti ndani ya mazutu. Ulaya inaruhusu sehemu 10 tu kwa milioni moja. Inchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki ziliamua kushuka mpaka sehemu 50 tangu 2015. Lakini mwaka 2016 shirika la Uswisi, Public Eye, lilipima mazutu ya stasio za inchi nane za Afrika, pamoja na jirani yetu Zambia, na zaidi ya nusu ya mifano ya mazutu ilikuwa na sehemu zaidi ya 1 500. Kibiriti kikiwaka kinaleta asidi, na asidi inaua mafuta ya motere mbele ya wakati. Kwa hiyo, kungojea kilometa 10 000 mbele ya vidanji, kama motokari ziko Ulaya, hakufai hapa. Kilometa 5 000 njo kipimo cha kuchunga, pamoja na filtre ya mafuta ya motere. Kwa pikapu ya mufano wetu, hiyo ni karibu kila majuma saba. Katika majuma saba hayo, kwa hesabu ya juu, litre 150 za mazutu zinapotea. Mwenye motokari anaweza kwenda dukani, kuuliza bei ya vidanji nzima na filtre zote tatu, na kulinganisha mwenyewe.

Pikapu za zamani na pikapu za kompyuta

Mekanisie wengi wa Likasi walijifunza kazi kwenye motere za pompa ya chuma tupu. Wanazijua kwa masikio na kwa mikono, na wanazitengeneza vizuri. Lakini pikapu zenye kuingia tangu miaka ya 2000, kama Hilux D-4D, ziko na anjektere zenye kuamuriwa na kompyuta, na mazutu inasukumwa kwa zaidi ya bari 1 000. Kwa nguvu hiyo, punje ya vumbi yenye kutoonekana inatosha kuharibu. Filtre ya bei ya chini isiyo ya kweli inaweza kuleta hasara ya anjektere ine.

Hapo hakuna nafasi ya kujaribu-jaribu. Mutu akienda ku garaji, aulize kama wako na skana ya kusoma makosa. Kama hawana, kuna bado kipimo cha zamani chenye kufaa: kuunga vichupa vidogo kwenye mirija ya kurudisha mazutu, kuwasha motere, na kuangalia anjektere gani inarudisha mingi kuliko zingine. Ile njo yenye kuvuja. Ni kipimo cha bei kidogo, na kinaepusha kununua zote ine wakati moja tu ni mugonjwa. Shule za ufundi na mekanisie vijana wa muji wangepashwa kusaidiwa katika jambo hili, juu motokari za zamani zinapunguka kila mwaka.

Muguu wa shofere

Mekanisie anaweza kumaliza kazi yake yote na shofere akaiharibu kwa muguu. Upinzani wa hewa unaongezeka haraka kuliko mwendo: kutoka kilometa 80 kwa saa mpaka 100, unaongezeka kwa zaidi ya nusu. Pikapu yenye magunia juu inasikia zaidi. Kukanyaga gazi kwa nguvu na kufunga freni kwa nguvu, nyuma ya malori ya shaba, ni kubadilisha mazutu kuwa moto wa freni. Kuacha nafasi mbele na kutembea mwendo mumoja kunaokoa mazutu na kunaokoa maisha.

Wengine wanaweka vitesi ya bure kwenye mutelemuko wakiwaza wanachunga mazutu. Ni bongo na ni hatari. Motokari ikiwa ndani ya vitesi na muguu umetoka kwenye gazi, pompa inafunga mazutu yenyewe. Kwenye vitesi ya bure, motere inaomba mazutu ili isizimike, na freni zinabaki peke yake kushikilia muzigo.

Na kuhusu sumaku za kufunga kwenye murija, dawa za chupa na vifaa vyenye kuahidi kupunguza mazutu nusu: shirika la Marekani la kuchunga mazingira lilipima vifaa zaidi ya mia moja vya namna hiyo, na karibu vyote havikuonyesha faida ya maana. Feza ya sumaku inunue filtre.

Kinachobaki kwa wakubwa

Yote haya hayatoshi kuondoa mukono wa serkali. Ofisi ya OCC iko na kazi ya kuangalia ubora wa vitu vyenye kuingia mupakani, na mazutu ni kimoja chao. Mukaaji wa Likasi hana namna ya kupima kibiriti ku stasio. Anahitaji mutu wa kupima kwa niaba yake na kutangaza matokeo. Congo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Wabunge wa Haut-Katanga wanaweza kuulizwa jambo la wazi: ni lini kipimo cha sehemu 50 kitafuatwa kwa mazutu yenye kupita Kasumbalesa? Na juu ya barabara, feza ya FONER na ya peyaji inapashwa kuonekana chini ya mipira, kwanza kwenye njia za ndani zenye kuleta chakula.

Lakini kungojea majibu hayo haizuie kuanza leo. Kikaye cha kurasa hamsini, kalamu, na mapatano ya wazi kati ya mwenye motokari na shofere, vinaweza kufanya kazi kuanzia safari ya kesho. Kwenye ukurasa wa kwanza: tarehe, kilometa, litre, muzigo. Kisha miezi mitatu, kikaye kitasema wazi kama bei ya gunia la makala inapanda juu ya Kinshasa, juu ya Kasumbalesa, ao juu ya filtre ambayo hakuna mutu alitaka kulipa.